Kofia Msumarini

Mama aliishi na babu yangu ua mmoja kwa miaka kumi na saba na hakuwahi kumtazama usoni. Nikiwasimulia hivi watu waliohamia Tukuyu kikazi, walimu na manesi waliotoka mikoa mingine, hudhani palikuwa na ugomvi. Hapakuwa na ugomvi wowote. Babu alikuwa baba wa baba yangu, mama alikuwa mkamwana wake, na kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Akimwona kwa mbali njiani, mkamwana anaingia migombani mpaka mzee apite. Hamtaji jina. Hawali pamoja, hawasalimiani, hawasemeshani. Siku hizi desturi imelegea, wasichana wanapiga picha za harusi wamemkumbatia baba mkwe, meno yote nje, na hakuna anayeshtuka. Lakini mama alitoka Kinyala, kwa watu wanaoshika mambo yao, na alipoolewa Kisondela alikuja na desturi hiyo pamoja na masufuria yake.

Zamani, wazee wanasema, jambo hili halikuwa na taabu. Vijana walijenga kijiji chao, wazazi wakabaki kwao, na wa kukwepana walikwepana kwa raha. Ardhi ilipobanana, baba akajenga pale pale kwa baba yake. Kisha akapangiwa kufundisha shule ya mkoa mwingine, akawa anakuja likizo tu. Bibi alishafariki. Wakabaki watu wawili wasioruhusiwa kuonana, wenye bomba moja, banda moja la ng'ombe na jiko moja. Na mimi katikati, mtoto pekee, nikibeba ujumbe kutoka upande huu kwenda ule mpaka miguu inauma.

Tatizo lilikuwa jiko. Mtu asiyeijua baridi yetu hawezi kuelewa mzee wa kifua anavyouhitaji moto. Jiko letu lilikuwa kibanda cha matofali chenye mlango mmoja, na mama naye alilihitaji kutwa nzima. Babu ndiye aliyepata ufumbuzi. Pembeni mwa mlango, chini ya upenu, alipigilia msumari mkubwa, akaniita.

"Kamwambie mama yako," alisema, "akiona kofia hapa, mimi nimo. Asipoiona, nimekwenda zangu. Asiniulize, asikuulize wewe. Aangalie msumari."

Alikuwa na kofia ya pama ya rangi ya udongo, na hakuna aliyewahi kumwona nje bila hiyo kofia. Akiingia jikoni anaitundika. Akitoka anaivaa, anakohoa mara mbili, anashika njia ya migombani. Mama alikuwa akingojea nyuma ya banda la ng'ombe, juu ya jiwe, amewapa mgongo mlango na mzee. Akisikia kikohozi anachungulia msumari. Ukiwa mtupu, anaingia, na yeye anaegemeza ungo wake nje ya mlango ili mzee naye ajue. Kwa miaka hiyo yote hawakugongana hata mara moja. Nimesoma mipango mingi ya wataalamu tangu wakati ule na bado sijaona uliozidi huo wa babu na msumari wake.

Nasema wataalamu kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Niieleze kidogo, maana bila hiyo sitaeleweka. Programu kubwa haiendi kama mtu mmoja anayefanya jambo hili akimaliza ashike lile. Ndani yake kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja, kila moja na mkondo wake, nasi tunaiita mikondo hiyo nyuzi. Uzi mmoja hauuoni mwingine, wala hausemi nao. Zinachoweza kufanya ni kuacha alama mahali ambapo zote zinafika: mmoja unaandika, mwingine unasoma. Alama hiyo inakaa ndani ya kitu, maana katika uandishi wetu programu hujengwa kwa vitu, kila kitu na hali yake na kazi zake. Kitu kinasema "nina mtu" au "sina mtu", na uzi unaokuta "nina mtu" unangoja mpaka uamshwe.

Mwalimu wetu wa chuo kule Mbeya alipofundisha somo hili darasa zima lilikuna kichwa. Mimi nilielewa kabla hajafuta ubao. Niliona nani ni babu, nani ni mama, na alama ni nini. Mtihani nilifaulu vizuri mno. Lakini siku ya somo lenyewe nilitoka darasani kabla ya kipindi kwisha, nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya choo. Wakati huo babu alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa najua jambo kuhusu ile kofia ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, nikiwa kidato cha tatu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua yetu ambayo haina haraka na haina haya. Mama alikamua, akawasha moto jikoni, akaondoka na ndoo ya maziwa kwenda kituo cha kukusanyia. Mimi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Narudi kama saa tatu, mzigo kichwani, nikiimba wimbo wa kwaya, nikaikuta kofia ya babu imelala njiani, pale njia inapopita juu ya mtaro kati ya migomba yetu na chai ya jirani.

Nilitazama juu, nikaona moshi unatoka jikoni. Nikajisemea, upepo umeipeperusha kofia na mzee yumo ndani anaota moto bila habari. Halafu nikaogopa. Mama yuko njiani anarudi, atakuta msumari mtupu, ataingia, ataonana uso kwa uso na baba mkwe. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikuweza kufikiria aibu kubwa kuliko hiyo. Nikakimbia nayo. Nikaikung'uta maji, nikaitundika msumarini, mahali pake. Nilijisikia mtu mzima, mtu aliyeokoa heshima ya nyumba. Sikufungua mlango kuhakikisha, ingawa mjukuu anaruhusiwa. Na kule njiani sikutazama chini mtaroni.

Nilitupa majani bandani nikaenda mazoezi ya kwaya. Nikarudi saa kumi jioni. Mama alikuwa amekaa juu ya jiwe lake nyuma ya banda, amejifunika kanga na juu ya kanga amejitanda gunia la plastiki. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama, hujapika?"

"Nitapikaje, na kofia ipo? Babu yako leo ameota moto mpaka mafiga yameiva." Alijaribu kucheka. "Tangu nimerudi na ndoo. Hata kikohozi sijasikia."

Nilitazama paa la jiko. Hapakuwa na moshi. Nikaenda, nikaipita kofia, nikasukuma mlango. Ndani palikuwa na majivu baridi na paka.

Nilimkuta peke yangu, kabla ya majirani. Alikuwa mtaroni, chini ya pale nilipookota kofia, hatua chache tu kutoka njiani. Mguu mmoja ulikuwa umejikunja chini yake vibaya. Na juu ya kichwa na mabega alikuwa amejifunika jani la mgomba, amelivuta vizuri, na mkono bado umelishika ubavuni ili upepo usilichukue.

Mtu anayekufa papo hapo hajitafutii jani la kujikinga mvua. Nililijua hilo kabla sijapiga kelele. Nililifungua jani kutoka vidoleni mwake, nikalitupa mbali katika migomba ambako kuna majani mengine elfu, ndipo nikaita watu.

Watu wakaja, wakasema yale yanayosemwa. Mzee alimaliza kuota moto, akasahau kofia, uzee huo, akatoka kwenda haja, akateleza. Kikohozi kilimezwa na mvua. Amekwenda mara moja, hakuteseka. Baba alifika usiku wa pili akaambiwa hivyo hivyo, na nilimwona anashusha pumzi. Mchungaji akayarudia makaburini. Kila mtu alilishika neno hilo, hakuteseka, nami ningesema nini? Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mjukuu wa nyumba ile nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeshafika.

Kofia hatukumzika nayo. Baba aliisahau kwa huzuni, kisha akasema ibaki ukumbusho. Mama hakuigusa. Ikabaki msumarini. Ikaota ukungu, ikawa ya kijani, nyigu wakajenga ndani wakahama, na bado inaning'inia. Na tangu siku ile mama hajaingia jiko lile. Alipika chini ya upenu wa nyumba kubwa kwa mafiga matatu, baadaye nikampelekea jiko la gesi. Baba alipostaafu na kurudi, akataka kulibomoa jiko la zamani. Mama alimkatalia. Mtu ambaye hajawahi kumkatalia mumewe hata chumvi alisimama mlangoni akasema halibomolewi.

Halafu kulikuwa na sauti. Mama hakupenda kuizungumzia, lakini nyumba yetu ilijua. Mvua ikishika asubuhi, anaacha anachofanya, anasikiliza. Kuna mtu anamwita kutoka migombani. Anaita "mkamwana". Anaondoka anakwenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya banda, anaipa migomba mgongo, anajifunika kanga, anasali mpaka ikome. Hakuwahi kuitika. Kila mtu kwetu amefundishwa toka utoto, ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Akina mama wa kikundi cha maombi walikuja mara nyingi wakakemea kila kona ya shamba, mmoja akakemea mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Sauti haikuondoka. Baba alikuwa akisema mke wake ana huzuni tu, itapita.

Miaka kumi na minne, na haikupita. Mwaka huu, katika mvua za mwanzo, mama alilazwa kwa nimonia. Daktari, kijana mpole aliyepangiwa kwetu kutoka pwani, alinivuta pembeni akaniambia mapafu ya mama yamechoka, na kwamba akilowa hivyo tena hawatuahidi kitu. Aliuliza kwa nini mwanamke mwenye nyumba nzuri ya bati anakaa mvuani. Nikamjibu ni mambo ya kifamilia. Nilimwona ananiona mjinga, na hakukosea.

Hapo nilijua napaswa kusema. Mama alikuwa anakaa mvuani kwa ajili ya mzimu, na mimi ndiye niliyeutundika mzimu wenyewe msumarini kwa mikono yangu. Nikimwambia kwamba hakuna la ajabu, kwamba ni mtoto mwenye kiherehere aliyeokota kofia, huenda akaacha kusikia. Lakini nikimwambia saa niliyoiokota, nitakuwa nimemwambia pia kwamba mzee alilala mtaroni wakati yeye amekaa anangoja. Nikaahirisha. Nilisema apone kwanza. Alipopona nikasema apate nguvu kwanza. Mimi kwa visingizio sishindwi.

Kilichonishika shati ni parachichi.

Nimepanga chumba Tukuyu mjini, na kazi yangu ya sasa ni programu ya ghala la parachichi karibu na Kyimo. Kuna vyumba vya baridi, na mashine kubwa za kupuliza baridi hiyo. Mashine hairuhusiwi kupuliza wakati watu wamo ndani wanapanga makreti. Kwa hiyo nilitengeneza kitu kinachoitwa Chumba, na ndani yake alama moja: mtu yumo, au hayumo. Uzi wa mlango unaandika alama hiyo, uzi wa mashine unaisoma. Alama ikisema yumo, mashine inangoja. Ilikwenda hivyo msimu mzima bila kasoro.

Asubuhi moja umeme ulikatika wakati wapangaji wamo ndani. Wakatoka kwa tochi za simu zao wakafunga mlango, lakini uzi wa mlango nao ulikuwa umezimika, haukuona mtu akitoka. Umeme uliporudi, uzi wa tatu ukaamka. Huo niliuandika mwenyewe, nikajisifu nao. Kazi yake ni kurudisha kila kitu mahali pake baada ya giza. Ukatazama kumbukumbu ya mwisho, ukakuta "mtu yumo", ukairudisha alama hiyo kwa uaminifu kabisa. Mashine ikasoma, ikaanza kungoja.

Waliniita saa kumi. Karani wa ghala, dada mmoja mwenye mdomo, alinionyesha parachichi zilizoanza kulainika, akaufungua mlango wa chumba kitupu akaniambia, "Dada, hii mashine yako ina adabu kuliko watu. Inamngojea nani sasa?"

Nilikaa kwenye kompyuta nikafungua daftari ambalo programu inaandikia inachofanya kila dakika. Mstari wa kwanza ulisema: Nasubiri mtu atoke. Wa pili: Nasubiri mtu atoke. Nikashuka. Saa nne, saa tano, saa sita, saa nane. Ukurasa baada ya ukurasa, maneno yale yale, niliyoyaandika mimi kwa Kiswahili kwa sababu ya karani, na hakuna mahali ambapo mashine ilichoka, ilikasirika, au ilijiuliza mbona kimya. Nilimwona mama juu ya jiwe. Machozi yalinitoka mbele ya watu, karani akadhani nalilia parachichi, akanibembeleza kwamba hasara si kubwa, zitauzwa sokoni hapa hapa.

Makosa yalikuwa mawili na yote ya mwanafunzi. La kwanza, alama ile niliiacha wazi. Katika uandishi huu wa vitu, jambo unalofundishwa mapema kabisa ni kwamba kitu kifiche hali yake. Asiyehusika asiiguse, hata akiwa na nia njema. Kama kofia ni ya babu, aitundike babu na aitoe babu. La pili, niliuambia uzi ungoje na sikuuambia mwisho wa kungoja. Uzi mwema huweka kikomo. Muda ukipita unaamka wenyewe, unakwenda kubisha hodi.

Nilirekebisha jioni ile ile. Alama nikaifungia ndani, mlango pekee ndio unaoweza kuibadilisha. Na mashine sasa ikingoja kwa dakika kumi inapiga kengele ili mtu wa nyama na damu afungue, atazame kwa macho yake. Kazi ya mistari michache. Nilipomaliza niliona haya, maana kumbe kurekebisha lilikuwa jambo jepesi namna hiyo, na mimi nilikuwa nimekaa nalo miaka kumi na minne.

Jumamosi yake nilichukua bodaboda mpaka Kisondela. Baba alikuwa amekwenda mkutano wa wakulima. Mama alikuwa kibarazani anamenya ndizi, mzima lakini amepungua, shingo imekuwa ya kuku. Manyunyu yalikuwa yanaanza. Niliona ameshageuza sikio upande wa migomba.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Mbona hukupiga simu, unakuja tu?"

Nikakaa chini, nikachukua kisu kingine, nikamenya ndizi moja vibaya. Nikasema, "Mama, siku aliyofariki babu, kofia niliitundika mimi."

Aliendelea kumenya. Nilimweleza yote. Mzigo wa majani, njia, moshi, hofu yangu kwamba wangekutana. Nilimwambia hakuna jini wala shetani, ni mimi tu na kiherehere changu, asikae tena mvuani, daktari amesema. Nilisema maneno mengi na kwa haraka.

Mama akauliza, "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tatu hivi."

"Kofia imelowa?"

"Imelowa."

"Imelowa juu tu, au mpaka ndani?"

"Mpaka ndani, mama."

Kisu kikasimama. Ilinibidi nimalize, kwa hiyo nikamwambia na habari ya jani. Nilimwambia alivyokuwa amelishika. Nilimwambia nililitupa. Sikuwahi kusikia sauti yangu ikiwa ndogo vile.

Nilitegemea atanipiga. Ningeshukuru. Manyunyu yakawa mvua, na aliponisemesha alisema kwa utaratibu, kama anayehesabu vifaranga.

"Ninyi mnafikiri ile sauti ilianza baada ya mazishi."

"Ndivyo ulivyosema."

"Sijasema. Mlidhani. Ilianza siku ile ile. Nimerudi na ndoo, nimekaa pale kwenye jiwe, kama saa nne. Nikasikia kule chini, 'Mkamwana! Mkamwana, njoo!' Nikachungulia msumari. Kofia ipo. Nikasema, baba yumo ndani, sasa huyu anayeniita kule ni nani? Na baba hajawahi kuniita, mwanangu. Miaka kumi na saba, hata siku moja hajanisemesha. Ndipo nikajua si yeye." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nikajifunika, nikasali. Iliita mpaka kama saa saba. Mwishoni ilikuwa inaita polepole."

Nilikiweka kisu changu chini.

"Alipopatikana kule mtaroni nilishtuka. Nikajiuliza. Lakini nikakumbuka, kofia ilikuwepo. Sauti inaita na kofia ipo. Nikasema alitoka baadaye. Kofia ndiyo ilikuwa shahidi wangu." Alinitazama, na ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikuja kumtua mzigo, na kumbe ile kofia ndiyo iliyokuwa imemshikilia. "Miaka yote hii nakemea shetani. Kumbe ni mzee wa watu, amevunjika mguu, ameamua kuvunja na mwiko, ananiita."

"Mama, nisamehe."

Sijui kama alinisikia. Aliinuka, ndizi zikamwagika kutoka mapajani, akaenda mpaka mlango wa jiko la zamani. Aliitazama kofia. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa msumarini, akaikung'uta ukungu kwa kiganja, akaishika kwa mikono miwili. Akashuka njia ya migombani. Nilimfuata na mwavuli, nikamsihi, mama mapafu, mama daktari, hakugeuka.

Alifika pale juu ya mtaro, akasimama. Halafu akageuka, akaupa mtaro mgongo, kama mkamwana anavyopaswa kusimama mahali alipo baba mkwe, na akainamisha macho.

"Abee, baba," aliitika. "Nimekuja."

Maji yalikuwa yanapita mtaroni chini yetu. Nilimfunika mwavuli kadiri nilivyoweza. Mama hakusogea. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo upande mmoja, anasikiliza, anangoja aambiwe alichoitiwa.